Mashine Iliyododa: Mhadhara Kuhusu Bei, Masoko na Konsoli za Gemu



Nimeombwa nizungumzie bei ya bidhaa iliyododa. Ningeweza kuchukua saruji au sukari. Nimechagua konsoli, ile mashine ya gemu ambayo vijana wetu huiita pleisteshen hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Sababu yangu ya kwanza ni ya kivivu: kampuni kadhaa zinazoziuza hutangaza hesabu kila baada ya miezi mitatu, mashine ngapi zimetoka, gemu ngapi, faida au hasara kiasi gani. Muuza saruji hanipi hesabu hizo. Sababu ya pili ina uzito zaidi. Mwaka 2011, na tena mwaka 2013, kampuni moja, Nintendo ya Kyoto, ikiongozwa na mtu yuleyule, Satoru Iwata, ilishusha bei ya mashine mbili zilizokuwa zimedoda. Ya kwanza ikafufuka. Ya pili haikuinuka hadi ikazikwa. Ni nadra katika biashara kupata majaribio mawili yanayokaribiana hivyo, nami nataka tukae kitako tuyachambue.

Kwanza tuelewane fedha zinapatikanaje. Mashine yenyewe huleta faida kiduchu, na mara nyingine huuzwa kwa hasara. Sony ilipozindua PlayStation 3 Novemba 2006 kwa dola 499 na dola 599, kampuni ya utafiti ya iSuppli iliifungua, ikahesabu kipande kwa kipande, ikakadiria kwamba kutengeneza mashine moja kuligharimu zaidi ya dola 800. Fedha hurudi kupitia gemu. Kila nakala inayouzwa, hata ya kampuni nyingine, mwenye mashine hukatiwa fungu lake. Kwa hiyo anayeshusha bei ya konsoli hubeba deni kubwa zaidi kwa kila mteja mpya, akitumaini mteja huyo atanunua gemu za kutosha kulilipa. Mteja anayechukua mashine kwa bei ya kutupa kisha asinunue gemu, ni heri asingekuja.

Watengenezaji wa gemu nao wana hesabu yao. Gemu kubwa huchukua miaka na mamilioni ya dola, basi hutazama mashine ngapi zimeshaingia majumbani kabla ya kujitosa. Mashine zikiwa chache, gemu haziji. Gemu zisipokuja, mashine haziuziki. Ndiyo maana kampuni za konsoli huhangaika haraka. Miezi sita mibaya inatosha kuwafukuza watu ambao bila wao huna cha kuuza.

Sasa bei. Pale Feri, Dar es Salaam, samaki akishuka bei jioni hakuna anayeshangaa, maana kila mtu anajua saa ni ngapi na kesho samaki huyo atakuwaje. Konsoli haiozi. Ikishuka bei ghafla mnunuzi hubaki na swali: imekuwa nafuu, au imekufa? Muuzaji asipomjibu swali hilo, mnunuzi atajijibu mwenyewe, na kwa kawaida hujijibu vibaya.

Nintendo 3DS, ile iliyofufuka, ilikuwa mashine ya kushika mkononi. Ilitoka Japani tarehe 26 Februari 2011 kwa yen 25,000, na Marekani mwezi uliofuata kwa dola 249.99. Mtangulizi wake, DS, alikuwa ameuza zaidi ya milioni 140, hivyo wengi waliona kazi imeshakwisha kabla haijaanza. Sifa kuu ya 3DS ilikuwa picha zenye kina zinazoonekana bila kuvaa miwani. Hapo watu wa masoko wakagonga mwamba. Utaitangazaje sifa hiyo kwenye televisheni, wakati televisheni ya mtazamaji haina skrini ya namna ile? Utaichapaje gazetini? Mtu alilazimika kuishika kwa mikono yake ndipo aamini. Kisha Nintendo wenyewe walikuwa wametoa tahadhari kwamba watoto wa miaka sita kushuka chini wasitazame picha hizo za kina. Tahadhari ile ilikuwa ya uungwana, siilaumu, lakini mzazi akaisikia kabla hajaisikia sifa. Na kati ya gemu za mwanzo hapakuwa na hata moja jipya la Mario, mhusika maarufu wa Nintendo. Duka la mtandaoni lilifunguliwa Juni, miezi zaidi ya mitatu baada ya mashine kuanza kuuzwa. Kati ya Aprili na Juni mwaka ule, dunia nzima ilinunua 3DS 710,000 tu.

Tarehe 28 Julai 2011 Iwata akatangaza bei mpya, kuanzia katikati ya Agosti. Japani, kutoka yen 25,000 hadi 15,000. Marekani, kutoka dola 249.99 hadi 169.99. Mashine ilikuwa haijatimiza hata miezi sita sokoni. Tena kumbukeni yen ilikuwa na nguvu ajabu siku zile, dola moja haifikishi yen 80, kwa hiyo zile dola 169.99 zikirudi Kyoto zilikuwa kama yen 13,000. Kila 3DS ikawa inauzwa chini ya gharama yake. Iwata akajikata nusu ya mshahara, na wakurugenzi chini yake wakakatwa asilimia 30 na 20.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya masoko hulipita mbio. Vipi kuhusu wale waliokwisha kununua kwa bei ya juu? Hao ndio rafiki zako wakubwa. Walikuamini kabla ya wengine, na sasa umewaonyesha kwamba wasiokuamini wamefaidi zaidi. Nintendo waliwaita mabalozi na kuwapa gemu 20 za zamani bure, kumi za mashine ya miaka ya themanini, NES, na kumi za Game Boy Advance. Gharama yake kwa kampuni ilikuwa ndogo, kwa sababu gemu hizo zilishatengenezwa na kulipiwa zamani. Thamani yake kwa mteja ilikuwa kubwa. Ningependa kila mfanyabiashara anayeshusha bei ajiulize swali hilo la mabalozi kabla hajabandika tangazo.

Kwa nini ilifanikiwa? Wengi husema ni kwa sababu punguzo lilikuwa kubwa, asilimia 40 kule Japani. Ni kweli kwa sehemu. Anayeshusha kidogo kidogo humfundisha mteja kusubiri. Akishusha mara moja hadi chini, humwambia kwamba hakuna cha kusubiri tena. Ila mimi naipa ratiba uzito zaidi ya ukubwa wa punguzo. Bei ilishuka Agosti. Novemba ikaja Super Mario 3D Land. Desemba ikaja Mario Kart 7, na Japani mwezi huohuo likaja gemu la Monster Hunter, ambalo Wajapani hulipenda kupita kiasi. Punguzo liliweka mashine mikononi mwa watu miezi michache kabla ya sababu ya kuwa nayo kufika. Mario Kart 7 hatimaye iliuza zaidi ya nakala milioni 18. Nintendo ilifunga mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 na hasara ya yen bilioni 43.2, jambo ambalo wanahisa wake hawakulizoea, lakini kufikia katikati ya 2012 mashine ilikuwa haiuzwi tena kwa hasara. Jumla yake hadi mwisho ilikuwa mashine milioni 75.94.

Mteja wa 3DS mwaka 2011, ukimuuliza kwa nini hanunui, alikuwa na jibu moja: ghali. Anayesema ghali ameshaipenda bidhaa. Ameishika, ameirudisha rafuni, amepiga hesabu ya mfukoni. Huyo umemshika, mpunguzie na atakuja. Wii U, ile mashine ya pili, ilikutana na mteja mwingine kabisa, anayetazama rafu na kuuliza, “Hii ni ya nini?” Mteja wa namna hiyo hata ukimpunguzia nusu bei atakushukuru na kuondoka.

Twendeni basi Los Angeles, Juni 2011, wiki chache tu kabla ya punguzo la 3DS. Kwenye maonyesho ya gemu ya E3 Nintendo inaonyesha mashine itakayorithi Wii. Wii yenyewe ilikuwa jambo la ajabu: ilitoka 2006 kwa dola 249.99, Marekani ikiwa na gemu la Wii Sports ndani ya boksi, na hatimaye iliuza zaidi ya milioni 101. Bibi aliyecheza boulingi sebuleni kwa kupunga mkono hakuhitaji kuelezwa chochote. Sasa jukwaani inaonyeshwa pedi mpya, pana, yenye skrini ya inchi 6.2 katikati. Inaonyeshwa kwa muda mrefu, kwa madaha. Mashine yenyewe, lile boksi linalokaa chini ya televisheni, karibu haionekani. Na jina ni Wii U.

Watu wakaelewa walichoonyeshwa. Kwa miaka mitano Nintendo ilikuwa imewauzia vikorokoro vya kuongezea kwenye Wii: ubao wa kupimia uzito, usukani wa plastiki, kitu kama bunduki. Wakaiona pedi yenye skrini wakadhani ni kikorokoro kingine. Iwata mwenyewe alikiri baadaye kwamba walipaswa kuionyesha mashine kwanza. Wakati anakiri, habari ilikuwa imeshazunguka dunia.

Wii U ilitoka Marekani tarehe 18 Novemba 2012, kwa dola 299.99 ile nyeupe yenye nafasi ndogo ya kuhifadhi gemu, na 349.99 ile nyeusi. Mbili mara moja, na tofauti yake ilibidi kuelezwa. Mteja ambaye hajui kama hii ni mashine mpya ulimpa pia kazi ya kuchagua kati ya mbili. Kisha gemu zikakatika. Rayman Legends ya kampuni ya Ufaransa, Ubisoft, ilikuwa itoke Februari 2013 kwa Wii U peke yake. Ikaahirishwa hadi Septemba ili itoke kwenye mashine zote. Electronic Arts, ambao bosi wao alipanda jukwaa lilelile la 2011 kuahidi ushirikiano wa kupigiwa mfano, walileta gemu la mpira FIFA 13 na hawakuleta FIFA 14. Kati ya Aprili na Juni 2013 ziliuzwa Wii U 160,000 dunia nzima. Uingereza, maduka ya Asda yakaacha kuiweka rafuni.

Niruhusuni nitoke pembeni kidogo niingie kwenye kibanda cha gemu cha kwetu. Mwenye kibanda hanunui konsoli kwa ajili ya watoto wake. Ananunua mtambo wa biashara. Wateja wake hulipa kwa mechi au kwa muda, na wanachotaka ni mpira. Kwake bei ya mashine ni jambo la pili. La kwanza ni kama vijana watakuja kucheza Simba na Yanga zao za kubuni, wakiziita Barcelona na Manchester. Mwenye kibanda angeiona Wii U bila FIFA mpya, na angeuliza swali lilelile, “Hii ni ya nini?” Ndiyo maana PlayStation 2, iliyouza zaidi ya milioni 155 duniani, iliendelea kuwapa watu ugali katika mitaa yetu miaka mingi baada ya Wamarekani kuitupa, wakati Wii U wengi wenu hapa mnaisikia leo kwa mara ya kwanza. Watafiti wa soko wa Tokyo na New York wangeweza kujifunza mengi kwa mwenye kibanda huyu, maana haangalii tangazo hata moja.

Turudi. Septemba 2013 Nintendo ikashusha Wii U nyeusi kutoka dola 349.99 hadi 299.99. Asilimia 14 hivi. Ikasaidia? Robo hiyo mauzo yaliongezeka kidogo, na msimu wa Krismasi ukaleta kiasi, lakini Januari 2014 Iwata alitangaza kwamba makadirio ya mwaka, mashine milioni 9, sasa ni milioni 2.8. Akajikata tena nusu ya mshahara. Wachambuzi wakapiga kelele: shusheni zaidi! Shusheni kama mlivyofanya kwa 3DS!

Hawakuweza kirahisi, na sababu ilikuwa ndani ya boksi. Ile pedi yenye skrini ilikuwa ghali kuitengeneza, na ndiyo ilikuwa mashine. Ukiitoa hakuna Wii U. Tazameni Microsoft walivyokuwa na mwanya. Xbox One ilitoka Novemba 2013 kwa dola 499 ikilazimishwa kuuzwa pamoja na kamera ya Kinect, wakati PlayStation 4 ilikuwa dola 399. Juni 2014 Microsoft wakaitoa Kinect na bei ikashuka hadi 399 papo hapo. Waliumia, waliwaudhi waliotengeneza gemu za Kinect, lakini walikuwa na kitu cha kutoa. Nintendo walikuwa wameijenga nyumba juu ya nguzo ghali kuliko zote. Nawaomba wanafunzi wa masoko mlikumbuke hili mkiketi na mafundi kwenye kikao cha kwanza kabisa cha kubuni bidhaa: uwezo wa kushusha bei huamuliwa siku ile, na watu wa masoko kwa kawaida hawajaalikwa.

Kwenye PlayStation 3 sitakawia, kwa sababu ni hadithi nyepesi ya “ghali”. Watu waliitaka tangu mwanzo. Sony walihangaika miaka mitatu kupunguza gharama, wakaondoa vipande vilivyoiwezesha kucheza gemu za PS2, wakaunda upya mashine nyembamba, na mwaka 2009 wakaiuza dola 299. Milioni moja zilitoka ndani ya wiki tatu. Mwisho wake ilipita milioni 87.

Dreamcast ya Sega inatuletea mteja wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa. Ilitoka Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, bei nzuri kabisa, na matangazo yake yalifanya watu wapange foleni. Gemu zilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema ghali wala ya nini. Walisema, “Nitasubiri.” Sony walikuwa wameshatangaza PlayStation 2, itakayocheza pia filamu za DVD, na kila mtu akajua inakuja. Sega wakashusha hadi 149 mwaka 2000. Mteja anayesubiri akaona punguzo kama ushahidi kwamba alifanya vizuri kusubiri. Kuna deni la zamani pia: Mei 1995 Sega walikurupuka kuiuza Saturn kabla ya tarehe waliyoahidi, tena kwa maduka machache tu, kwa dola 399, na siku hiyohiyo Sony wakatangaza kwamba PlayStation yao itakuwa 299. Wenye maduka walioachwa nje mwaka 1995 hawakusahau mwaka 1999. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kutengeneza konsoli, na mashine zilizobaki zikasukumwa kwa dola 99. Kiongozi wao, Isao Okawa, aliisamehe kampuni madeni na kuipa hisa zake mwenyewe. Ziliuzwa Dreamcast milioni 9.13. Kwa mteja anayesubiri sijaona bei iliyowahi kumsogeza. Labda gemu moja ambalo hatalipata kwingine, na hata hilo si la uhakika.

Nimalizie na Wii U, maana bado kuna watu wanaoandika kwamba Iwata aliogopa kushusha bei. Mei 2014 ilitoka Mario Kart 8, gemu ambalo kila mchezaji alilisifu, likauza nakala milioni 8 na ushee kwenye Wii U. Badala ya kushusha bei tena, Nintendo waliliweka gemu hilo ndani ya boksi na kuuza vyote pamoja, na nadhani walifanya sawa. Uzalishaji ukasimama Januari 2017, mashine zikiwa milioni 13.56. Machi mwaka huohuo ikatoka Switch: skrini ileile ya mkononi, lakini sasa skrini ndiyo mashine, unaichukua na kuondoka nayo, na mtoto wa miaka saba anaelewa kwa kuitazama tu. Bei dola 299.99. Mwezi uliofuata Mario Kart 8 ilirudishwa kwa ajili yake, ikiwa na nyongeza chache, kwa bei kamili. Imeuza zaidi ya nakala milioni 60. Iwata hakuyaona hayo. Alifariki Julai 2015.

Gemu karibu lilelile, kampuni ileile, na bei ya mashine ileile iliyosemwa kuwa ndiyo iliyoiua Wii U. Wanaomlaumu Iwata kwa bei ya 2013 wanamwonea. Kama ni kumlaumu, mlaumuni kwa Juni 2011, pale jukwaani Los Angeles, miezi 17 kabla ya Wii U ya kwanza kuuzwa.